Siku Moja Mlimani Rungwe

Napenda kuwapa wasomaji habari za siku moja tuliyoitumia katika mlima wa Rungwe, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili wadogo, wakati wa likizo ya mwezi wa Juni. Si habari ya safari kubwa. Hatukufika kileleni, wala hatukukutana na simba. Walakini tulimwona mnyama ambaye zamani watu wenye elimu hawakusadiki kwamba yuko, nami nilikuwa mmoja wao. Na siku ile nililipa deni la miaka mingi kwa baba mkwe wangu.

Kwanza nieleze deni lenyewe. Mimi ni mwalimu, na maskani yetu ni Iringa. Mke wangu ni Mnyakyusa, mzaliwa wa mitelemko ya Rungwe. Mwaka 2001 nilikwenda kwao mara ya kwanza pamoja na mshenga wangu ili kueleza haja yangu. Jioni, tulipokwisha kula, mzee alianza kutusimulia habari za uwindaji wa ujana wake. Akataja mbega, na kima, na minde, yule paa mweusi wa msituni. Kisha akataja mnyama aitwaye kipunji. Akasema, ni kama nyani na si nyani, ni kama kima na si kima. Nywele za utosini mwake zimesimama kama kishungi, na akilia husikiwa mbali, kwa sauti nzito ya kubweka.

Wakati ule nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na kichwa changu kilikuwa kimejaa majina ya vitabuni. Katika vitabu vile kipunji hakuwamo. Basi nikatabasamu, nikamkonyeza mshenga wangu, kama mtu asemaye, Hizi ndizo hadithi za wazee. Mzee akanyamaza. Akaagiza maji ya kunawa, nayo mazungumzo yakageuzwa kuwa ya ng'ombe. Posa yangu ilikubaliwa, nikaoa, nikasahau.

Hata mwaka 2005 habari zikaenea duniani. Watafiti wa shirika la WCS waliokuwa wakifanya kazi huku Nyanda za Juu Kusini, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wamesikia tangu mwanzo wa mwaka 2003, kwa wawindaji wa Kinyakyusa, jina hili hili la kipunji. Nao kwanza walidhani huenda ni mnyama wa hadithi, kwa maana Wanyakyusa wana masimulizi mengi ya wanyama, wengine wa kweli na wengine wa kuwaziwa tu. Wakaingia msituni Rungwe na katika msitu wa Livingstone ulio upande wa Kitulo, na mwisho wa mwaka ule wakamwona waziwazi. Na huku kwetu Iringa, katika msitu wa Ndundulu ulio katika milima ya Udzungwa, mtafiti mwingine, Trevor Jones, alimwona mnyama yule yule mwezi wa Julai 2004, asijue habari za wenzake wa Rungwe. Misitu hiyo miwili imetengana kilomita zipatazo 350, wala hapo katikati hakuna kipunji hata mmoja. Mwezi wa Mei 2005 wakatangaza pamoja. Mwaka uliofuata, 2006, wakiisha kumchunguza mmoja aliyekutwa amekufa mtegoni katika shamba la mahindi kwenye mtelemko wa Rungwe, waliona kwamba si wa ukoo wowote wa nyani uliokwisha kuandikwa. Wakaufanyia ukoo wake jina jipya, Rungwecebus. Hivyo jina la mlima wa wakwe zangu likaingia katika vitabu vya dunia nzima, na lile la kipunji likaachwa kama wazee walivyolitamka.

Nilisoma habari hizo gazetini, nimesimama dukani. Nilimkumbuka mzee akiomba maji ya kunawa, nikaona haya. Walakini haya si radhi. Mara nyingi tulikwenda Rungwe baada ya hapo, kwa misiba na kwa arusi, wala sikulitaja jambo lile. Kila mara niliona nafasi haijapatikana. Ukweli ni kwamba sikuitafuta.

Mwaka huu watoto wetu wakubwa walikuwa masomoni, tukasafiri na wadogo: binti wa miaka kumi na mitatu, na mdogo wake wa kiume wa miaka kumi. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni mwendo wa kilomita zipatazo 330. Tukapita Mafinga, penye misonobari iliyopandwa safu kwa safu, na Makambako, penye upepo usiokoma, kisha tukatelemka kwenye joto la Chimala. Pale Uyole tukaacha barabara ya Tunduma, tukashika ile iendayo Tukuyu na mpaka wa Malawi. Huko nchi hubadilika upesi. Ukipanda Milima ya Poroto baridi huingia kifuani, na kila upande ni viazi. Ukishuka upande wa pili waikuta migomba, na chai, na miparachichi, na udongo mweusi wa majivu ya zamani, kwa kuwa Rungwe ni mlima wa moto uliolala. Mvua ya huko ni nyingi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata mwezi wa Juni, ambao kwetu Iringa ni mkavu, mtu hatoki nyumbani bila kitu cha kujifunika.

Mzee amekwisha kupita miaka sabini na mitano, walakini miguu yake ni ya mlima. Watoto walipomwamkia na kumwambia shabaha yetu, akacheka. "Mimi nitakwenda nanyi," akasema. "Mnataka kupanda na kijana wa kuongoza njia, naye kijana huyo ni mimi niliyembeba mgongoni."

Kijana mwenyewe alihitajika kwa kweli. Tangu mwaka 2009 msitu wa Rungwe, hekta zipatazo 13,652, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, nao watu wa Wakala wa Huduma za Misitu ndio wanaoutunza. Mgeni huandikisha jina lake, hulipa ada, hupewa mwongozaji. Nasema haya kwa ajili ya walimu wapendao kuwapeleka watoto: msiende kwa kujiibia, kwani mtu hupotea upesi katika ukungu ule.

Saa kumi na moja za alfajiri mke wangu alikwisha funga mbalaga katika majani ya mgomba, na mahindi ya kuchemsha, na chupa mbili za chai. Kijana wetu alikuwa ameficha manati katika mfuko wa suruali. Mwongozaji akaiona ncha ya mpira wake, akanyosha mkono pasipo neno. Manati ikabaki kwa bibi.

Tukapanda kutoka upande wa misioni ya Rungwe, mahali walipofika Wamoravian mwaka 1891. Kwanza njia yapita mashambani, na watu waliokuwa wakivuna wakatupungia mikono. Kisha shamba likakoma na msitu ukaanza, pasipo kitu cha kutenganisha ila hatua tatu za majani. Hapa mahindi, hapa miti mirefu iliyovikwa kuvumwani kama wazee wenye ndevu. Jambo hilo sikulitia maanani asubuhi.

Msitu wa mlimani si kimya kama watu wa mjini wanavyodhani. Maji hudondoka, matawi hulia, ndege huitana. Ndege mmoja mwenye rangi ya majani alikimbia juu ya tawi kama panya, na aliporuka mbawa zake zikafunuka nyekundu kama damu. Mke wangu akapiga kelele kwa furaha kana kwamba ni mtoto. Tukaona mbega wanne, weusi wenye manyoya meupe mabegani, wameketi kama washitiri wa baraza. Tuliona pia nyayo za minde katika tope, ndogo na kali, wala mwenyewe hatukumwona. Mzee alituambia kwamba yeye aliwinda miaka mingi na minde aliowaona kwa macho hawazidi vidole vya mikono miwili.

Binti yetu ndiye aliyemwona kinyonga. Alikuwa juu ya kijiti karibu na uso wake, wa kijani, mwenye pembe tatu usoni kama faru aliyeongezewa. Kinyonga huyo hupatikana katika milima hii ya Poroto na Rungwe. Wengi wetu tumelelewa katika kumwogopa kinyonga, na mzee hakujificha: alisogea nyuma hatua nne, yeye ambaye hakumwogopa chui. Binti akakivunja kijiti kingine, akamvusha kinyonga taratibu kutoka njiani mpaka kichakani, na babu yake akamtazama muda mrefu. "Huyu si wa kwetu," akamwambia mke wangu kwa Kinyakyusa, lakini alisema kwa sifa.

Ilipopata saa nne tulipumzika penye mti ulioanguka. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu kwenye mianzi. Tulikuwa tunakunywa chai, mara mzee akainua fimbo yake.

Mimi sikusikia kitu. Kisha nikasikia. Ilikuwa sauti nzito, ya kutoka tumboni, kama mbwa mkubwa abwekaye ndani ya mtungi, mara moja, halafu ikajibiwa kutoka upande wa bonde. Mwongozaji akatabasamu, akakaa kimya, kwa heshima ya mzee, ili yeye ndiye aseme.

"Kipunji," akasema mzee.

Tukangoja. Nadhani ilikuwa nusu saa, na watoto wangu, ambao kanisani hawawezi kutulia dakika kumi, hawakujongea. Kisha tawi likainama, na wa kwanza akatokea. Ukubwa wake ni kama mbwa wa nyumbani. Manyoya yake ni marefu, ya kahawia na kijivu, uso mweusi, tumbo lenye weupe, na mkia mrefu wenye weupe kwenye ncha. Na utosini, nywele zilizosimama, sawasawa na maneno niliyoyasikia mwaka 2001. Nyuma yake wakaja wengine. Tulihesabu tisa, naye mwongozaji akasema kwamba kundi lao lapata thelathini au kuzidi, na wengine walikuwa majanini tusikoweza kuona. Mmoja alikuwa jike mwenye mtoto aliyemshika tumboni. Walibandua maganda ya mti wakayatafuna, wakachuma majani, wakatutazama, wakaendelea na kazi yao. Hawakuwa na haraka.

Ghafula kivuli kikapita juu ya miti. Alikuwa tai mwenye kishungi, yule mkubwa awindaye nyani. Sauti moja ikapigwa, na kwa dakika moja msitu mzima ulikuwa mtupu kana kwamba hapakuwa na kitu tangu mwanzo. Kijana wangu akanishika mkono. Baadaye matawi yakaanza kutikisika tena, upande wa mbali.

Ndipo nikasema, nikijua kwamba nisiposema pale sitasema kamwe: "Baba, mwaka ule nilipokuja na mshenga ulitutajia mnyama huyu, nami nikacheka. Naomba radhi."

"Nilikuona," akajibu.

Nikanyamaza. Naye akaendelea kutazama miti. "Mwalimu," akasema, "wewe ulikuwa na vitabu vyako, mimi nilikuwa na mbwa wangu, nao mbwa walimjua. Nimewaua watano katika maisha yangu. Nyama yake si tamu." Kisha akaniomba nimwongeze chai, nikamwongeza, na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kidogo, sijui kwa baridi au kwa nini.

Kutoka pale tulipanda tena kwa saa moja na nusu hata tukafika penye mianzi, na hapo ukungu ulikuwa mzito hata mtu wa mbele hakumwona wa nyuma. Kilele cha Rungwe ni karibu mita 2,960 juu ya bahari, na waliofika huko siku ya jua husema kwamba huliona Ziwa Nyasa likimetameta kusini. Mimi siwezi kulishuhudia. Mwongozaji akasema turudi, tukarudi. Kijana wetu alilalamika, binti alishukuru.

Tukishuka, kijana akamwuliza mwongozaji vipunji wote wako wangapi. Akajibiwa kwamba hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikuwa 1,117: huku Rungwe na Kitulo 1,042, na kule Ndundulu 75 tu. Hesabu ya baadaye ilionyesha kwamba wameongezeka, kwa sababu ya ulinzi, lakini bado ni wachache. Kijana akafikiri. "Baba, shuleni kwako wanafunzi ni wengi kuliko hao." Ni kweli. Asubuhi moja, kengele ikilia, naweza kuwapanga uwanjani watoto kuzidi hesabu ile ya mwanzo ya vipunji wote wa dunia.

Ikawa saa tisa tulipotoka msituni, kwa njia nyingine, ipitayo kando ya shamba la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Mahindi yalikuwa yamekauka, tayari kuvunwa, na mistari mitatu ya upande wa msitu ilikuwa imelala chini, magunzi yametapakaa. Kijana alikuwa mbele akikimbia. Mzee akamwita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, naye akasimama mguu mmoja juu. Mbele ya mguu ule kulikuwa na kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, kimefungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, na juu yake majani yametandazwa vizuri.

Shemeji akaja na panga mkononi, kwani alikuwa akikata mabua. Tukaamkiana. Kisha sote tukatazama chini.

"Ni wa nguruwe," akasema.

"Na kipunji akipita?" akauliza mke wangu.

"Kipunji akipita kwangu anatafuta nini? Si mahindi yangu?" Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. Akatuonyesha mistari iliyolala. Mwaka uliopita alipoteza magunia mawili. Mwaka huu alilinda mwezi mzima, mchana kwa debe na usiku kwa moto, kisha mkewe akaugua akampeleka hospitali siku tatu, na siku tatu zile ndizo tulizoziona chini. Wengine waliokula ni nguruwe, wengine kima, na wengine, akasema, ni hao ambao watu hutoka mbali kuja kuwatazama. "Nao wanaokuja kuwatazama hupita hapa hapa," akasema. "Hunipungia mkono."

Mwongozaji alisema neno la sheria, kwa upole, kama ilivyompasa. Mimi sikuwa na neno. Ni rahisi kumpenda kipunji ukiwa mtu wa Iringa mjini, ununuaye unga dukani. Asubuhi ile nilikuwa nimepita mpaka wa shamba na msitu nikauona ni mzuri, hatua tatu tu za majani. Jioni nilielewa kwamba mtu mmoja, pamoja na mke mgonjwa, alikuwa analinda mpaka ule peke yake. Na yule kipunji wa mwaka 2005, ambaye kwa mwili wake wataalamu waliutambua ukoo mpya, alikufa katika shamba kama hili, mikononi mwa mtu kama shemeji yangu, ambaye naye labda alikuwa na siku tatu za hospitali.

Mzee ndiye aliyesema. Hakumgombeza mwanawe. Alimgeukia kijana wetu, ambaye mguu wake ulikuwa bado umechafuka majani ya mtego. "Mjukuu wangu, unajua kupiga debe?"

Tulikuwa tumewaahidi watoto kwamba baada ya mlima tutawapeleka Matema, wakaogelee ziwani. Hatukwenda. Siku nne tulizobakiwa nazo tulizitumia shambani kwa shemeji: mimi na mke wangu tukivuna tangu upande wa msitu, binti akimpikia mke wa mjomba wake, na kijana juu ya kichuguu akilipiga debe mpaka majirani wakauliza kama kuna msiba. Viganja vyangu, ambavyo vimezoea chaki, vilitoka malengelenge. Kima walikuja mara mbili, wakachukua walichoweza. Siku ya tatu, kabla ya jua kuchwa, ile sauti nzito ikalia msituni, karibu sana. Kijana akaliweka debe chini ili asikilize. Mjomba wake akamwambia alipige, naye akalipiga.

Mahindi yote yaliingia ghalani. Shemeji aliung'oa mtego mwenyewe jioni ile ya kwanza, akauzungusha waya mkononi, akaenda nao nyumbani. Sikumwomba anipe, wala yeye hakunipa. Asubuhi tulipokwenda kuaga nikauona umetundikwa ukutani, juu ya mlango wa jiko.